Mapenzi na Baridi ya Stockholm: Muombe Akutumie Picha ya Januari

Wengi wetu tukichumbiwa na aliye majuu tunauliza habari za kazi, nyumba na makaratasi. Hakuna anayeuliza jua la huko linazama saa ngapi. Mimi sikuuliza, na nusura ndoa yangu ivunjike.

Mpenzi msomaji, nianze na habari ya saa. Sisi Waswahili saa yetu inafuata jua. Likichomoza tunaanza kuhesabu moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili jioni linapozama, kisha tunaanza upya. Mimi nimezaliwa na kukulia Magomeni, Dar es Salaam, ambako mchana wa Juni na mchana wa Desemba haupishani hata saa moja. Kichwani mwangu saa tisa alasiri ni jua kali, basi, hakuna mjadala.

Sasa nipe picha: Desemba yangu ya kwanza Stockholm, nimeamka saa moja na nusu asubuhi, nje giza totoro. Nikadhani simu imeharibika. Jua lilitoka saa tatu kasoro robo, likapita chini chini juu ya mapaa kama mtu aliyesahau kitu akarudi kukichukua, na kabla ya saa tisa alasiri likawa limeshazama. Mchana mzima ulikuwa wa saa sita tu. Nikamuuliza mume wangu, "Sasa hii ni alasiri au ni magharibi?" Akacheka kidogo, akaenda kulala. Ndiyo ulikuwa mwanzo wa mambo.

Picha zote zilikuwa za Julai

Mume wangu alinitangulia Sweden kwa miaka mitano. Tulifunga ndoa Dar alipokuja likizo, akarudi, nikabaki nasubiri kibali. Kila wiki simu, kila wiki picha. Picha nzuri kweli! Yuko kando ya ziwa kavaa fulana, yuko kwenye boti, anakula aiskrimu saa nne usiku na bado kuna mwanga. Mashoga zangu walikuwa wakiziangalia wanasema, "Shosti, umeukata."

Nikimuuliza hali, jibu lake lilikuwa moja tu: "Huku kwema, mke wangu." Na mimi nikaamini. Sikuwahi kujiuliza kwa nini katika miaka yote ile sikuletewa hata picha moja ya Januari.

Niliingia mwanzoni mwa Novemba 2016. Wenyeji watakwambia Novemba ndio mwezi mbaya kuliko yote, kwa sababu majani yameshapukutika, theluji kwa kawaida haijaja, na kila kitu ni cha kijivu. Lakini mimi nilipokelewa na maajabu. Tarehe 9 Novemba mwaka ule theluji iliporomoka mpaka ikafika sentimita 39 mjini Stockholm, kiasi ambacho hakijawahi kupimwa mwezi wa Novemba tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1905. Mabasi yalisimama, watu wakatembea kwa miguu katikati ya barabara. Mimi huku, mgeni wa siku chache, nimetoka na kanga juu ya koti, napiga picha! Nilizituma nyumbani zote. Nilifurahi kama mtoto siku ya Idi.

Theluji ile ikayeyuka. Mwanga nao ukazidi kupungua. Hapo ndipo nilipokuja kujua tofauti ya baridi na giza. Baridi ina dawa: unavaa nguo ya ndani ya sufu, juu yake sweta, juu yake koti lisilopitisha upepo, na mabuti yanayoacha nafasi kidogo ya vidole kujichezea. Nyumba za huko zina mabomba ya maji ya moto kila chumba, ndani ni nyuzi 20 au 21, unakaa na dera lako bila shida. Baridi ya Stockholm mjini hata si ile ya kutisha, Januari mara nyingi inachezea kwenye sifuri na chini yake kidogo. Giza ndilo lililonimaliza.

Nikaanza kumshuku

Mume wangu alikuwa anafanya kazi ya kutunza wazee, zamu ya usiku. Anaondoka giza, anarudi giza, mchana amelala. Mimi nasoma Kiswidi asubuhi, narudi nyumbani Farsta na treni ya chini ya ardhi, nafika kumeshaanza kuwa usiku. Yaani tulikuwa mume na mke tusioonana kwenye mwanga wa jua hata siku moja kwa wiki.

Mimi niliyekuwa naamka alfajiri kwetu kukaanga maandazi, nikawa nalala saa kumi na moja au kumi na mbili na naamka nimechoka. Hamu yangu ikawa mkate, viazi na vitu vitamu tu. Kusuka sikutaka, kupika sikutaka, simu ya mama ikiita naiangalia mpaka inakata. Na faragha, msomaji wangu, hata tusiizungumzie. Tulikuwa kama wapangaji wawili.

Yeye naye kimya. Yule mwanamume aliyekuwa akiongea nami kwenye simu mpaka salio linakwisha, sasa anajibu "ndiyo" na "hapana". Basi mwanamke ukiwa peke yako gizani, akili inafanya kazi gani? Nikaanza kupekua. Nikanusa mashati, nikahesabu dakika za kuchelewa, nikajiambia miaka mitano mwanamume hawezi kukaa peke yake, lazima kuna mtu hapa, na mimi nimeletwa kufunika kombe tu.

Siku ilipofika, ilikuwa Januari, nikamwambia usoni. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alikaa kwenye kiti na koti lake mwilini, akasema, "Mke wangu, tangu uje nyumba hii imekuwa kama ina msiba. Na mimi sijui nani amekufa."

Usiku ule nilitafuta bei ya tiketi ya kurudi Dar. Pesa nilikuwa nayo. Ila kabla ya kulipa nikampigia mama, nikalia mpaka nikakauka. Mama yangu hajawahi kutoka nje ya Tanzania, lakini amelima Rufiji ujana wake wote. Akaniuliza, "Huko sasa ni majira gani?" Nikamwambia ni katikati ya baridi. Akasema, "Basi mwanangu, shamba halihukumiwi kiangazi. Subiri mvua inyeshe, ukishaona lilivyo na maji ndipo uamue kuuza. Nipe mpaka mwezi wa tano. Kama ni kurudi, mlango uko wazi, wala sitakuuliza neno."

Mama wa kutoka Bukavu

Majengo mengi ya Stockholm yana chumba cha pamoja cha kufulia, huwa chini kabisa. Unajiandikia zamu yako na ukichelewa kutoa nguo zako, hiyo ni kesi. Siku moja Februari nilisahau zamu yangu, nikakuta mama mmoja wa makamo anazikunja nguo zangu taratibu badala ya kuzitupa kwenye kapu. Nikaomba radhi kwa Kiswidi changu cha kuokoteza. Akaniangalia kanga zangu, akanijibu kwa Kiswahili: "Karibu, mutoto wangu."

Alikuwa Mkongo wa Bukavu, kafika Sweden miaka mingi iliyopita. Kusikia tu Kiswahili nikaangua kilio mbele ya mashine. Nikamwaga yote: usingizi, mashati, tiketi. Nilitegemea aniambie habari za wanaume. Akaniuliza maswali mengine kabisa. "Unalala mingi? Unatamani sukari? Ilianza majani yalipoanguka?" Nikaitikia yote. Akasema, "Basi hii si ulozi, na bwana yako hana bibi mwengine. Ni giza ndiyo imekukamata. Hata mimi ilinikamata mwaka wa kwanza. Kesho wende kwa daktari, na usimwambie umechoka tu. Mwambie yote."

Nikaenda kituo cha afya cha mtaani kwetu. Muuguzi alinisikiliza hakushangaa hata kidogo. Kumbe hali hii ina jina na inatambulika kitabibu. Mtafiti Norman Rosenthal na wenzake waliielezea mwaka 1984 kama sonona inayokuja na majira. Mwanga wa asubuhi ukiingia machoni ndio unaouambia mwili "amka", na homoni ya usingizi iitwayo melatonini inapungua. Mwanga usipokuja, saa ya mwili inayumba. Ndiyo maana unalala kupita kiasi, unakula wanga kupita kiasi, na hamu ya mambo mengine yote inakufa, ya mume ikiwemo.

Wakanipima na damu, vitamini D ikaonekana iko chini sana. Hilo nalo lina sababu yake. Stockholm iko nyuzi 59 kaskazini ya ikweta. Desemba, saa sita mchana, jua linapanda nyuzi 7 tu juu ya upeo wa macho. Kuanzia Oktoba mpaka Machi miale yake ni dhaifu mno kuifanya ngozi itengeneze vitamini hiyo. Na sisi wenye ngozi nyeusi tunahitaji jua refu zaidi kuliko wenzetu weupe, ukichanganya na mavazi ya kujistiri, akiba inaisha haraka. Nikapewa vidonge, nikaambiwa nitoke nje kila siku mchana hata kama ni mawingu, na nikaelezwa habari ya taa maalumu yenye mwanga wa lux 10,000, unayokaa mbele yake kama nusu saa kila asubuhi.

Kumbe naye!

Jioni ile nikamsimulia mume wangu. Nilitegemea atapuuza. Akanyamaza kitambo, kisha akaenda kwenye kabati, akanitolea boksi. Ndani yake kuna taa. Taa ileile.

"Niliinunua mwaka wa pili," akasema. "Mwaka wa kwanza nilikuwa nalia bafuni. Nilipojua unakuja nikaificha, nikaona aibu. Nitamwambiaje mwanamke aliyeacha kwao kunifuata, kwamba mumewe anahitaji taa ili aamke?"

Msomaji, miezi mitatu nilikuwa natafuta mwanamke kabatini. Nilichokuta ni taa.

Hapo ndipo tulipozungumza kwa mara ya kwanza tangu nifike. Aliniambia "huku kwema" aliisema kwa sababu kila aliye ughaibuni anaisema. Ukisema una shida, nyumbani watadhani unakwepa kutuma pesa, au watakwambia rudi, na kurudi mikono mitupu ni aibu. Basi mtu anapiga picha Julai, anazituma mwaka mzima. Nami nikakiri kwamba theluji yangu ya Novemba nilikuwa bado naituma Februari, nasema "huku raha tu". Nilikuwa nimeshajifunza uongo uleule.

Tukaweka taa mezani, pale tunapokunywa chai. Akaomba kupunguziwa zamu za usiku. Tukawekeana sharti moja ambalo tunalo mpaka leo: kati ya Novemba na Machi hakuna uamuzi mkubwa. Hatuachani, hatuhami, hatuachi kazi, hatugombani na ndugu. Lolote linaandikwa kwenye daftari, linasomwa Aprili. Nakuhakikishia, mengi tukiyasoma Aprili tunacheka.

Mwanga unarudi

Kuanzia Februari kuelekea Machi mchana wa Stockholm unaongezeka kama dakika tano kila siku, zaidi ya nusu saa kwa wiki. Unauona kwa macho. Watu wa huko, ambao wakati wa baridi hata salamu kwenye lifti ni kazi, wanasimama wameegemea ukuta unaopigwa na jua, wamefumba macho, nyuso juu, kama mijusi wetu asubuhi. Mara ya kwanza nilidhani wanaumwa. Mwaka uliofuata nilikuwa nimesimama nao.

Aprili magari yanafagia kokoto zilizomwagwa njiani majira ya baridi ili watu wasiteleze, na miti ya michere inachanua waridi tupu pale Kungsträdgården katikati ya mji. Tarehe 30 Aprili wanawasha mioto mikubwa kuukaribisha msimu mpya. Mei ikafika, mwezi niliomuahidi mama. Akapiga yeye mwenyewe. "Vipi shamba?" Nikamwambia, "Mama, limeota."

Ramadhani ya mwaka ule, 2017, ilianza mwishoni mwa Mei. Hapo tena saa yetu ikavurugika upande wa pili. Jua linatoka saa tisa na nusu alfajiri na linazama saa nne usiku imepita. Wengine hufuata ratiba nyingine, sisi tulifunga kwa jua la pale, na sitakudanganya, ilikuwa mitihani. Lakini kila jioni tulibeba tambi, tende na chai ya tangawizi tukaenda kukaa kando ya ziwa Drevviken, mwendo wa miguu kutoka nyumbani, kusubiri magharibi. Saa nne usiku, mbingu rangi ya chungwa, watoto wa Kiswidi bado wanaogelea, na mimi na mume wangu tunaongea. Tunaongea! Ijumaa ya tarehe 23 Juni wenzetu walikuwa wanacheza kuzunguka mlingoti wa maua kusherehekea katikati ya kiangazi, Jumapili yake sisi tukasali Idi. Mji mzima ulikuwa kwenye sherehe.

Siku hiyo alinipiga picha nimevaa gauni jipya, jua usoni. Nikaitazama, nikamwambia, "Hii tutaituma. Lakini Januari tutatuma nyingine."

Mwaka wa Stockholm kwa wanandoa wageni

Kule majira hayafuati kalenda tu. Wataalamu wao wa hali ya hewa wanasema baridi imeingia pale wastani wa joto la siku unapokuwa sifuri au chini yake kwa siku tano mfululizo, na kiangazi pale unapofika nyuzi 10 au zaidi kwa siku tano. Yaani kiangazi chao kinaanza kwenye nyuzi ambazo kwetu ungeomba blanketi! Haya ni yale niliyojifunza mimi:

Septemba na Oktoba: Usikae ndani. Sheria yao inaruhusu mtu yeyote kuingia msituni kuchuma matunda pori na uyoga, ila nenda na anayeujua uyoga. Nunua mabuti sasa. Taa itoke kabatini kabla hujaihitaji. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, na jioni inakatika ghafla.

Novemba na Desemba: Weka taa dirishani kama wenyeji. Kuanzia majilio kila dirisha lina nyota ya karatasi au vinara vya taa saba, na tarehe 13 Desemba ni siku ya Lucia, vijana wanaimba na mishumaa, watu wanakula maandazi ya zafarani. Sikukuu si yako? Sawa, lakini mwanga ni wa wote. Alika watu, usisubiri kualikwa.

Januari na Februari: Toka nje saa sita mchana, hata dakika ishirini. Mle pamoja mlo mmoja kila siku mkiwa macho wote wawili. Ukiona usingizi, huzuni na uchovu vimezidi wiki mbili, nenda kwa daktari, na ukisikia huna hamu ya kuishi, nenda siku hiyohiyo. Usingoje majira yabadilike. Na barafu ya ziwani usiikanyage peke yako, wenyewe wanataka iwe imara, unene wa sentimita kumi angalau, na wanavaa misumari ya kujivutia shingoni.

Machi mpaka Mei: Simama ukutani na wenzako. Soma daftari lenu.

Juni mpaka Agosti: Nunua mapazia mazito, la sivyo hamtalala. Julai mji unahama, wafanyakazi wana haki ya wiki nne mfululizo za likizo majira hayo, hivyo shughuli zako za ofisini zimalize mapema. Kisha furahini, mjaze akiba.

Neno la mwisho ni kwako dada unayesubiri kibali, na kwako kaka unayemsubiri. Mapenzi ya kwenye simu hayana majira, daima ni Julai. Dada, akikutumia picha ya ziwani, mshukuru, halafu mwambie akutumie na ya Januari, saa tisa alasiri, dirishani. Na wewe kaka, itume. Ile taa usiifiche kabatini. Mke wako atakapoikuta, bora aikute mezani.